Mota si Pampu Iliyogeuzwa

Mafundi wengi watakwambia kuwa mota ya vibapa ni pampu tu iliyogeuzwa: pampu huzungushwa ili isukume mafuta, mota husukumwa na mafuta ili izunguke. Ukizifungua zote mbili mezani utaona kwa nini wanasema hivyo. Ndani mna gurudumu la chuma lenye mifuo, kila mfuo umebeba kibapa kinachoteleza, na vibapa vyote vinasugua pete inayolizunguka gurudumu. Hata hivyo historia ya chombo hiki haikubaliani nao. Pampu ya aina hiyo ni ya kale. Agostino Ramelli, mhandisi Mtaliano aliyemtumikia mfalme wa Ufaransa, alichora pampu za maji za namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1588. Kama kugeuza kungetosha, mota isingechukua zaidi ya miaka mia tatu kupata kazi ya maana.

Mtu anaweza kupinga kuwa kilichokosekana ni mafuta na chuma kizuri, si wazo. Hoja hiyo ina uzito. Kreni za bandarini alizoanza kutengeneza mhandisi Mwingereza William Armstrong kule Newcastle mwaka 1846 zilitumia maji, na maji hayalainishi vyuma vizuri. Kibapa kinachosugua pete kwenye maji yenye shinikizo hakidumu. Lakini mafuta yalipoingia kwa kishindo, kwenye mitambo ya wahandisi Janney na Williams iliyozungusha mizinga ya manowari ya Marekani USS Virginia mwaka 1906, zilizofaidika zilikuwa mota za pistoni. Vibapa viliachwa nje kwa sababu vilikuwa na ugonjwa wao wenyewe. Katika pampu ya zamani, mafuta yenye shinikizo hukaa upande mmoja tu wa gurudumu. Chukua shinikizo la baa 100 juu ya eneo la sentimeta 10 za mraba: hiyo ni kama tani moja inayoegemea shafti kutoka ubavuni, mchana kutwa. Beringi gani itavumilia?

Jibu alilitoa Harry Vickers, Mmarekani, mwaka 1925. Aliacha pete ya mviringo akatumia ya duaradufu, ikapata matundu mawili ya kuingilia mafuta na mawili ya kutokea, kila jozi ikitazamana. Tani ya kushoto ikakutana na tani ya kulia, na shafti ikabaki katikati bila kusukumwa na yeyote. Pampu za magari yenye stelingi ya mafuta kwa kawaida hujengwa kwa mpango huohuo.

Hapo ndipo mota inapoachana na pampu. Pampu huzungushwa na injini, na mzunguko wenyewe huvirusha vibapa nje vigusane na pete. Mota huanza ikiwa imesimama, tena mara nyingi ikiwa na mzigo. Vibapa vimelala mifuoni, mafuta yanaingia huku na kutokea kule, na shafti haitikisiki. Lazima kiwepo kitu cha kuvitoa nje kabla ya mzunguko wa kwanza. Springi ndogo chini ya kila kibapa hufanya kazi hiyo, ila kwenye pete ya duaradufu kibapa huingia na kutoka mara mbili kila mzunguko; kwa mizunguko 1,500 kwa dakika, springi inabanwa mara 3,000, na chuma huchoka. Suluhisho ninaloliona la werevu zaidi ni waya mnene uliopindwa, unaoshika vibapa viwili vilivyoachana kwa robo ya mzunguko. Kwa umbo la pete ile, kimoja kinapoingia mwenzake hutoka kwa kadiri ileile, kwa hiyo waya haupindiki zaidi. Unacheza tu kama mkono wa mizani. Yaani pete iliyobuniwa ili kuokoa beringi za pampu ndiyo iliyoiwezesha mota kuondoka na mzigo.

Ni kweli pistoni zimeshinda palipo na shinikizo kubwa sana, kama kwenye makatapila. Vibapa vimebaki pale panapotakiwa utulivu na mwendo laini: kwenye mashine za kufinyanga plastiki, na kwenye winchi za sitaha, ambako nanga hung'olewa polepole huku mnyororo ukiwa umekazwa tangu mzunguko wa kwanza.