Vyama Vidogo na Njia za Kusikika: Tanganyika hadi Tanzania

Vyama vidogo vya hiari vilikuwapo Tanganyika kabla haijawapo sheria ya kuviandikisha. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza vyama vya ngoma ya beni, hasa Marini na Arinoti, vilienea kutoka pwani hadi miji ya bara. Vilikuwa na viongozi wenye vyeo vya kijeshi, vilikusanya michango, vilizika wanachama wao na kumpokea mgeni aliyetoka tawi la mji mwingine. Habari zilipita kwa barua na kwa vinywa vya wasafiri. Maofisa wa Kiingereza walivitazama kwa wasiwasi, wakaandika taarifa za kuchunguza kama matawi hayo yalikuwa yakipokea amri kutoka mahali pamoja. Huo ni miongoni mwa uchunguzi wa mwanzo wa vyama vya wananchi katika nchi hiyo, na ulifanywa kwa ajili ya usalama wa watawala. Mahitaji ya wanachama hayakuwa sehemu ya maswali.

Vyama vya waliosoma vilikuja na shida ya namna nyingine. Martin Kayamba alianzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika mjini Tanga mwaka 1922, na mwaka 1929 African Association ikaundwa Dar es Salaam, rais wake wa kwanza akiwa Cecil Matola. Mikutano iliendeshwa kwa Kiswahili, lakini maombi kwa serikali mara nyingi yaliandikwa kwa Kiingereza. Uhai wa tawi ukategemea mtu mmoja au wawili wenye kalamu, na wengi wao walikuwa makarani wa serikali hiyohiyo. Karani alipohamishwa, tawi lilibaki na mhuri na daftari bila mtu wa kuandika barua.

Kukosa gazeti lao wenyewe kulikuwa tatizo kubwa zaidi. Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilisomwa sana, ila lilikuwa mali ya serikali. Erica Fiah, mwenye duka Dar es Salaam aliyetoka Uganda, aliunda chama cha wafanyabiashara wadogo wa Kiafrika mwaka 1934, na miaka mitatu baadaye akaanzisha Kwetu, gazeti la kwanza nchini kumilikiwa na Mwafrika. Lilidumu hadi 1951. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na nafuu: chama chao cha 1925 kiligeuka kuwa muungano wa ushirika wa KNCU mwaka 1933, na mapato ya zao lao yaliweza kulipa makarani na ofisi. Vyama visivyokuwa na zao la kuuza vilitegemea ada, nazo ada zilichelewa.

Sheria ya vyama ya mwaka 1954 iliongeza mzigo wa usajili, na kila tawi likahitaji kibali. TANU, chama cha kupigania uhuru kilichozaliwa Julai 7 mwaka huohuo kutokana na TAA (jina la baadaye la African Association), ilizuiwa kuendesha shughuli zake katika Jimbo la Ziwa hadi 1958. Chama kilichonyimwa vibali vya usajili kililazimika kutafuta njia nyingine ya kuwafikia watu, na njia hiyo ilikuwa tayari mitaani Dar es Salaam, katika vikundi vya wanawake vya ngoma na taarab. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji aliyejulikana katika vikundi hivyo, alianza mwaka 1955 kwa kuwaendea viongozi wao, naye kiongozi aliyekubali aliwaleta wenzake. Kufikia Oktoba wanawake wapatao 5,000 walikuwa wameandikishwa. Wengi wao hawakuhitaji gazeti ili wapate habari. Historia ya siasa imewacheleweshea sana wanawake hawa sifa yao, ingawa ndio waliokuwa na mtandao uliofanya kazi.

Muda mfupi baada ya hapo serikali ya kikoloni ilimpa ofisa wake J. A. K. Leslie kazi ya kuchunguza maisha ya Waafrika mjini Dar es Salaam. Kazi hiyo ya 1956 na 1957 ilichapishwa kama kitabu mwaka 1963. Ilihoji wakazi wa mitaa na kueleza kodi za nyumba, ajira, vyama vya makabila na ngoma. Ni hazina kwa mwanahistoria. Hata hivyo, vyama viliingia humo kama sehemu ya picha ya mji tu. Namna vilivyopashana habari, na kilichovikwamisha, havikuwa lengo la utafiti.

Baada ya uhuru nafasi ilibanwa. Vyama vya wafanyakazi viliunganishwa katika NUTA mwaka 1964, Ruvuma Development Association, chama cha vijiji vya ujamaa, ikapigwa marufuku mwaka 1969, na vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976. Vyama vipya vilichipuka wakati uchumi ulipoyumba. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, kilianza mwaka 1987. TANGO, mwamvuli wa asasi, ikafuata mwaka 1988. Sheria ya 1954 ilikuwa bado inatumika, na mwaka 1997 serikali iliitumia kufuta usajili wa BAWATA, baraza la wanawake lililosajiliwa mwaka 1995.

Sheria ya asasi zisizo za kiserikali ilipitishwa mwaka 2002. Wakati huo ndipo watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoipima sekta nzima, katika mradi wa kimataifa wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Matokeo yalionyesha kwamba yapata robo tatu ya nguvu kazi ya sekta hiyo ilikuwa ya watu wa kujitolea. Takwimu hiyo inaeleza mengi: asasi nyingi hazina mtu anayelipwa ili aandike andiko la mradi, ajibu barua pepe au atengeneze ripoti ya mfadhili. Kanuni za mwaka 2018 zilitaka asasi itangaze magazetini fedha inazopata zikizidi shilingi milioni 20, na gharama ya tangazo iliangukia asasi yenyewe.

Simu ya mkononi imerahisisha mwito wa mkutano na ukusanyaji wa michango. Haijaondoa lugha ya wafadhili, ambayo bado ni Kiingereza, wala haijampatia mhazini wa kujitolea muda wa kujaza fomu. Tafiti kuhusu asasi hizi nazo huchapishwa zaidi kwa Kiingereza na kuishia kwa waliozigharamia. Watafiti wa leo wanapaswa kuwarudishia matokeo kwa Kiswahili, katika mkutano wa wanachama, wale waliokubali kujibu maswali yao.