Taa ya Mwovu

Katika nyumba za Yuda ya karne ya 8 KK, taa ilikuwa kisahani cha udongo kilichofinywa ukingoni kabla ya kuchomwa, ili kipate mdomo wa kulaza utambi. Mafuta yalikuwa ya zeituni, utambi wa kitani. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua taa nyingi za namna hiyo Yerusalemu na Lakishi. Taa ikizimika usiku, nyumba nzima iliingia gizani. Ndiyo maana watu wa mfalme Daudi, walipomkataza kwenda tena vitani, walimwita taa ya Israeli: wakimpoteza yeye, taifa zima limeingia gizani.

Walimu wa hekima waliichukua taa hiyohiyo. Kitabu cha Mithali chenyewe kinaeleza kwamba sehemu yake ilinakiliwa na watu wa mfalme Hezekia, aliyetawala kuelekea mwisho wa karne hiyo, na msimamo wake haupindiki: nuru ya mwenye haki hung'aa, taa ya mwovu huzimwa. Kule Babeli, mungu-jua Shamash alikuwa hakimu tangu zamani, kwa kuwa huona yote kutoka juu. Mithali iliridhika na taa ya nyumbani. Kwangu mimi, hapo ndipo penye nguvu yake na udhaifu wake pia, maana taa ya jirani mtu yeyote anaweza kuichungulia.

Aliyechungulia ni Ayubu. Katika kitabu ambacho wataalamu wengi hukiweka kati ya karne ya 6 na ya 4 KK, rafiki yake Bildadi anamkaririshia somo la zamani: moto wa mwovu hauwaki, taa iliyo juu yake huzimika. Ayubu hapingi kwa nadharia. Anauliza tu: ni mara ngapi? Waovu hao anawajua, wanazeeka katika mali, watoto wao wanacheza ngoma. Sura ya 24 inawafuata hadi kazini. Mwuaji huamka kunapopambazuka, mzinzi husubiri magharibi na kujifunika uso, mwizi hutoboa kuta za nyumba usiku na kujifungia ndani mchana. Hawa nuru hawaitaki kabisa, kwa hiyo kuwatishia kwamba itazimwa ni kupoteza maneno.

Mwandishi wa kitabu cha Mhubiri, ambaye kwa kawaida huwekwa karne ya 3 KK, alikubali kwamba hekima huushinda ujinga jinsi nuru inavyolishinda giza, kisha akaongeza kwamba mwenye macho na anayepapasa hufikia mwisho mmoja.

Jibu lilitoka Aleksandria, yamkini katika karne ya 1 KK, kwa Kigiriki. Mwandishi wa Hekima ya Sulemani aliihamisha hukumu hadi ng'ambo ya kaburi: huko waovu wenyewe wanakiri kwamba nuru ya haki haikuwaangazia kamwe. Swali la Ayubu halikukanushwa, lilipewa muda mrefu zaidi. Wakatoliki na Waorthodoksi wanacho kitabu hicho katika Biblia zao. Msomaji wa Union Version ya Kiswahili hakipati, lakini akifungua Danieli sura ya 12, iliyoandikwa kwa maoni ya wataalamu wengi wakati Wayahudi walipoteswa na mfalme Antioko wa Nne, miaka ya 160 KK, atawakuta wafu wakiamka na wenye hekima waking'aa kama anga.