RF: Moto Ni Ule Ule, Mashine Tu Ndiyo Mpya

Kama uko Garsen na una bando, ushaziona zile video: kimashine kinapitishwa usoni, ngozi "inakaza", hakuna kisu, hakuna damu. Ndiyo RF, yaani matibabu ya ngozi kwa mawimbi ya redio. Kuna watu washaanza kuchanga pesa waende Mombasa. Sawa, lakini kabla hujapanda basi, ijue historia yake.

Kwanza, kutibu kwa moto si kugeni. Jamii nyingi za wafugaji Afrika Mashariki zimetumia chuma cha moto kuondoa maumivu. Lakini chuma huanza kuunguza juu, na kovu linabaki.

Mwaka 1891, Mfaransa Arsène d'Arsonval alionyesha kwamba umeme unaobadilika kwa kasi sana unaweza kupita mwilini bila kushtua misuli. Unahisi joto tu. Mwaka 1926, kule Boston, daktari wa ubongo Harvey Cushing akatumia mashine ya William Bovie kukata na kuzuia damu. Umeona? Teknolojia hii ilipitia chumba cha upasuaji kabla ya kufika saluni. Urembo ulikuja baadaye: mwaka 2002 Marekani iliidhinisha mashine ya Thermage kwa makunyanzi ya pembeni mwa macho.

Sasa, utarajie nini? Joto linaingia chini ya ngozi na kuuamsha mwili utengeneze kolajeni mpya. Utahisi moto, utakuwa mwekundu au kuvimba kidogo, kisha itapoa. Matokeo hayaji siku hiyo. Subiri miezi kadhaa. Mara nyingi utarudi zaidi ya mara moja, na hayadumu milele. Habari njema kwetu weusi: mawimbi haya hayavutwi na rangi ya ngozi kama mwanga wa leza. Lakini mtu asikudanganye, RF haikufanyi mweupe. Na ikishikwa na asiyejua, inaunguza vilevile kama chuma. Ukiwa mjamzito, au una kifaa cha umeme cha moyo, achana nayo.

Maoni yangu? Mtu wa miaka 22 anatafuta makunyanzi gani? Kolajeni yako bado ipo. Kinachoizeesha ngozi mapema ni jua, na jua la Tana River unalijua. Kofia na krimu ya kukinga jua vitakufaa zaidi ya hiyo mashine.

Ukiwa umri umesonga na bado unaitaka, ni haki yako. Ila uliza jina la daktari, kisha litafute kwenye orodha ya KMPDC mtandaoni. Akikwepa swali hilo, beba pochi yako uende.

Wewe je, ungelipia RF ama hizo pesa zina kazi nyingine? Niambie.