Kiingereza cha sekondari: mtihani unapima macho, masikio yanapimwa na nani?

Mtoto amemaliza darasa la saba katika shule ya serikali hapa Tindiga, wilayani Kilosa. Miaka yote hiyo amesoma hesabu, sayansi na maarifa ya jamii kwa Kiswahili. Kiingereza kilikuwa somo moja tu kati ya masomo mengine. Januari anavaa sare mpya, anaingia kidato cha kwanza, na mwalimu wa biolojia anaanza kueleza somo kwa Kiingereza.

Kuanzia siku hiyo mtoto ana kazi mbili kwa wakati mmoja: kuielewa lugha na kulielewa somo. Akishindwa ya kwanza, ya pili haifiki. Ndiyo maana shule nyingi huanza kidato cha kwanza kwa wiki kadhaa za kozi ya awali ya Kiingereza, ambayo wanafunzi wengi wanaiita "baseline".

Wazazi wengi hujua hali ya Kiingereza cha mtoto pale matokeo ya kidato cha pili au cha nne yanapotoka. Makala hii inaeleza mtihani wa Kiingereza unapima nini, unaacha nini, na namna mzazi anavyoweza kumpima mtoto nyumbani hata kama yeye mwenyewe hajui Kiingereza.

Stadi nne, mtihani wa karatasi

Kujua lugha kuna stadi nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Mtu anaweza kuwa hodari kwenye moja na dhaifu kwenye nyingine. Wapo vijana wanaofanya kazi na watalii ambao wanaongea Kiingereza vizuri lakini barua wanaandikiwa na wenzao. Wapo pia wanafunzi wanaosoma kitabu na kukielewa, lakini mgeni akiwasemesha wanabaki kumtazama.

Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne unaotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, hufanyika kwa saa tatu na majibu yote huandikwa. Mwanafunzi anasoma maswali, anajibu ufahamu, sarufi na utungaji, na anaeleza vitabu vya fasihi alivyosoma. Hakuna sehemu ambapo anasikilizishwa mazungumzo kisha akaulizwa alichosikia.

Matokeo yakitoka, mtoto anapata herufi moja kwa somo zima. A ni alama 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na chini ya 30 ni F. Herufi hiyo haikuambii kama tatizo lake ni kusoma, kuandika au msamiati. Kuhusu kusikiliza haisemi lolote.

Na kusikiliza ndiko anakokufanya siku nzima darasani.

Namna ya kupima kusoma

Njia moja ya kupima kusoma inayotumika nchi nyingi ni kujaza nafasi. Kifungu cha habari kinachukuliwa, baadhi ya maneno yanaondolewa, na msomaji anatakiwa kuyarudisha. Jaribu hiki cha Kiswahili:

"Asubuhi mama alikwenda shambani kupalilia mpunga. Alipofika mtoni alikuta maji yamejaa, kwa hiyo alirudi ______ akasubiri mpaka maji ______. Jioni jirani alikuja kumwambia kwamba sasa watu wanaweza ______."

Bila shaka umejaza haraka: nyumbani, yapungue, kuvuka. Hukufikiria sarufi. Maneno yaliyotangulia yalikuonyesha njia, kwa sababu lugha unaijua. Mtu asiyejua Kiswahili atakwama hata akiwa na shahada. Kipimo hiki kinaonyesha kama msomaji anafuata maana au anatamka maneno tu.

Njia hiyo imewahi kutumika Tanzania kwenye uchunguzi mkubwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa ngazi mbalimbali. Walikuta kwamba kati ya wanafunzi wa kidato cha nne, ni takriban asilimia 10 tu waliofikia kiwango ambacho mtu angetarajia ndipo masomo yaanze kufundishwa kwa Kiingereza. Hao walikuwa wanamaliza kidato cha nne, na walikuwa wamefundishwa kwa Kiingereza miaka minne.

Uchunguzi huo ulikuja baada ya mjadala mkali. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza sekondari ianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia mwaka 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo, na Kiingereza kikaendelea. Mjadala haujaisha hadi leo.

Kipimo kingine ni cha Uwezo, kilichoanza kufanyika vijijini na mijini mwaka 2010. Wapimaji waliwafuata watoto majumbani wakiwa na karatasi za kiwango cha darasa la pili: herufi, maneno, aya, na hadithi fupi. Matokeo ya mwaka huo yalionyesha kwamba takriban nusu ya watoto waliofika darasa la saba hawakuweza kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango hicho cha darasa la pili. Kwa Kiswahili walioshindwa walikuwa takriban mmoja kati ya watano. Watoto ni walewale na akili ni ileile. Kilichobadilika ni lugha ya karatasi.

Namna ya kupima kusikiliza

Wakazi wa Kilosa wamezoea kuwaona Wachina, kwa kuwa mashamba ya mkonge ya Rudewa yamekuwa chini ya kampuni ya China kwa zaidi ya miaka 20. Wengi wa Wachina wanaokuja Afrika walijifunza Kiingereza shuleni kwao kama sisi, kama lugha ya kigeni. Tofauti moja iko kwenye mtihani.

Mwanafunzi wa China anapomaliza sekondari hufanya mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu, unaoitwa gaokao, kila mwezi Juni. Kwenye mfumo wa kawaida wa mtihani huo, Kiingereza kina alama 150, na 30 kati yake ni za kusikiliza. Vipaza sauti vinacheza mazungumzo, na mtahiniwa anajibu maswali 20. Kisiwani Taiwan, ambako pia watu wanazungumza Kichina, wanafunzi na wafanyakazi wengi hufanya mtihani wa TOEIC wa maswali 200: 100 ya kusikiliza na 100 ya kusoma. Kila upande unapewa alama zake, kwa hiyo mtu anajua udhaifu wake uko wapi.

Nchi hizo zinaichukulia sehemu ya kusikiliza kwa uzito. Korea Kusini huzuia ndege kupaa na kutua kwa takriban dakika 35 siku ya mtihani wa taifa, ili kelele zisiwaharibie watahiniwa. Anayekumbuka mvua ikipiga juu ya bati la darasa, mwalimu akasimamisha somo kwa sababu hasikiki, anaelewa kwa nini.

Mtihani wenye kusikiliza hubadilisha pia ufundishaji. Mwalimu hufundisha kile kitakachoulizwa. Kama kusikiliza kuna alama, atatafuta sauti za kuwasikilizisha wanafunzi. Kama hakuna, atarudi kwenye maswali ya miaka iliyopita, na huwezi kumlaumu.

Hata hivyo kusikiliza hakuhitaji vipaza sauti. Imla ni kipimo cha kusikiliza, na imetumika miaka mingi kwenye upimaji wa darasa la nne: msimamizi anasoma, mtoto anaandika. Tatizo ni kwamba mtoto akifika sekondari, ambako kusikiliza Kiingereza kunakuwa kazi ya kila kipindi, kipimo hicho hakimfuati.

Kwa nini sikio linakwama

Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha Uingereza kina takriban sauti 20 za irabu, ukihesabu na zile zinazounganishwa. Kwa sikio la Kiswahili, "ship" ambayo ni meli na "sheep" ambaye ni kondoo zinasikika kama neno moja. Vivyo hivyo "live" na "leave", yaani kuishi na kuondoka.

Jambo la pili ni mwisho wa neno. Maneno yetu huishia na irabu, ndiyo maana tulipochukua maneno ya Kiingereza tuliyaongezea irabu: benki, basi, tiketi. Lakini kwa Kiingereza mwisho wa neno mara nyingi ndio unaobeba maana. "Work", "works" na "worked" hutofautiana kwa sauti ndogo ya mwisho tu, na hiyo ya mwisho ndiyo inayokueleza kwamba kazi ilishafanyika.

Wanafunzi wa Kichina wanakutana na ugumu unaofanana. Silabi za Kichina cha Beijing huishia na irabu au sauti kama "n" na "ng", na kitenzi hakibadiliki kuonyesha wakati. Kwa hiyo nao huipoteza sauti ya mwisho. Wanaipata kwa kusikiliza sana, si kwa kukariri kanuni.

Jambo la tatu ni kasi. Anayesoma anaweza kurudi nyuma. Anayesikiliza hawezi, sentensi ikipita imepita.

Mpime mtoto wako nyumbani

Huhitaji kujua Kiingereza. Unahitaji dakika kumi, simu au redio, na utulivu.

Kwanza, anza na Kiswahili. Simama nyuma yake, msomee au msimulie habari fupi kwa sauti ya kawaida, kisha akusimulie. Akishindwa hata kwa Kiswahili, au akiuliza mara kwa mara "umesemaje?", huenda tatizo ni masikio. Mpeleke zahanati akaangaliwe, hasa kama amewahi kutoka usaha sikioni. Wapo watoto wanaoitwa wazito kumbe hawasikii vizuri.

Pili, msikilizishe Kiingereza cha dakika moja au mbili. Vipindi vya BBC Learning English vinapatikana bure. Unaweza kumwomba kijana aliye mjini akupakulie uweke kwenye memori kadi, ili usitumie bando kila siku. Mtoto asikilize mara mbili bila maandishi.

Tatu, akusimulie alichosikia kwa Kiswahili. Hapa ndipo wewe unakuwa mpimaji. Muulize: Nani anazungumza? Wako wapi? Kuna tatizo gani? Limeishaje? Habari yenye kichwa na miguu utaitambua. Akikupa maneno mawili matatu yasiyoungana, ameokota maneno, maana imempita.

Nne, mpime kusoma. Afungue kitabu cha kidato chake, ahesabu maneno 100, na aweke kidole kwenye kila neno asilolijua. Watafiti wa kusoma wanakadiria kwamba msomaji anahitaji kuyajua angalau maneno 95 kati ya 100 ili afuate maana bila msaada mkubwa. Kama asiyoyajua yanazidi matano, kitabu hicho kwa sasa ni kigumu. Atafute chepesi zaidi, hata cha shule ya msingi, na si aibu. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vya kusoma bila malipo.

Tano, linganisha. Anaelewa akisoma lakini hasimulii alichosikia? Aongeze kusikiliza, dakika kumi kila siku. Anaelewa akisikia lakini anakwama akisoma? Aongeze vitabu vyepesi. Vyote viwili vinamshinda? Zungumza na mwalimu mapema, kidato cha kwanza, kabla upimaji wa kidato cha pili haujafika.

Rudia baada ya mwezi. Andika tarehe na matokeo kwenye daftari. Daftari hilo litakueleza mengi kuliko herufi moja ya mwisho wa mwaka.

La kumuuliza mwalimu

Ukienda kwenye kikao cha wazazi, pamoja na kuuliza kuhusu madawati na chakula, uliza na haya: Watoto wanasikilizishwa Kiingereza mara ngapi kwa wiki? Mwalimu wa sayansi anapoona hawajaelewa anafanyaje? Je, inawezekana kuwa na imla fupi kila Ijumaa? Mwalimu anayesoma aya moja mara mbili na kuuliza maswali matano hahitaji umeme wala fedha.

Na mtoto akileta F ya fizikia, kabla hujasema hana akili, mwombe akueleze swali lenyewe kwa Kiswahili. Akiweza kulieleza na kulijibu, fizikia anaijua. Kilichomwangusha ni lugha, na sasa unajua pa kuanzia.

Zoezi la kwanza linaweza kuanza leo jioni, baada ya kazi za shamba. Zima televisheni kama ipo, mwite mtoto, na umwambie: "Sikiliza hii, halafu unisimulie."