Glasi Moja ni Kiasi Gani? Historia Fupi ya Kizio cha Alkoholi

Mfasiri yeyote aliyepata kukabidhiwa dodoso la afya analifahamu swali hili: "Kwa kawaida, siku unayokunywa, hunywa vinywaji vingapi?" Swali laonekana jepesi. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi swali la namna hiyo lilivyowaponyoka Waingereza kwa muda wa miaka mingi, kisha tuone linavyotugusa sisi tunaoshughulika na istilahi za Kiswahili.

Mwaka 1971 serikali ya Uingereza ilianzisha uchunguzi mkuu wa kaya. Wadadisi walipita nyumba kwa nyumba katika England, Wales na Scotland wakiuliza habari za makazi, kazi, elimu na afya. Maswali juu ya unywaji wa pombe yaliingizwa mwaka 1978, nayo yakarudiwa, mwanzoni kila baada ya miaka miwili, baadaye kila mwaka. Idara ya forodha ilikuwa tayari inajua ni pombe kiasi gani imelipiwa ushuru. Lakini ushuru hausemi nani amekunywa: kijana au mzee, mwanamke au mwanamume, kidogo kila siku au kingi siku moja ya juma. Hayo sharti watu waulizwe wenyewe.

Kweli, watu wakiulizwa husema pungufu. Jumla ya majibu yao huwa chini ya jumla ya pombe iliyouzwa, kwani wengine husahau, wengine huona haya, na mlevi wa kupindukia ni shida kumkuta nyumbani. Walakini, maadamu upungufu huo ni ule ule kila mara, mwelekeo wa miaka waweza kuaminika, mradi swali na kipimo chake visibadilike.

Kipimo chenyewe kilipatikanaje? Ilibidi bia, divai na pombe kali zijumlishwe pamoja, ndipo kikatumika kizio kimoja: mililita 10 za alkoholi halisi, yaani gramu 8 hivi. Nusu painti ya bia ya kawaida ilihesabiwa kizio kimoja, toti moja ya pombe kali kizio kimoja, na glasi moja ya divai kizio kimoja. Hesabu hiyo ilikuwa rahisi kukumbukwa. Mwaka 1987 wanaume walipewa ushauri wa kutozidi vizio 21 kwa juma, na wanawake 14. Neno la maabara likawa limeingia baa.

Tatizo lilikuwa ndani ya glasi. Glasi iliyokusudiwa ilikuwa ndogo, ya mililita 125, na divai yake hafifu, ya asilimia 8 au 9. Miaka ikapita, divai zikazidi ukali, na baa zikaanza kumimina katika glasi za mililita 175 na hata 250. Msomaji na apige hesabu: mililita 175 za divai ya asilimia 12.5 zina karibu mililita 22 za alkoholi, yaani zaidi ya vizio viwili. Mtu aliyejibu kwa uaminifu kwamba hunywa glasi saba kwa juma aliandikiwa vizio 7, kumbe alikunywa zaidi ya 15. Neno "glasi" lilibaki vile vile katika dodoso; kitu kinachotajwa na neno hilo ndicho kilichogeuka.

Katika uchunguzi wa mwaka 2006 watakwimu walirekebisha hesabu: glasi ya divai ikawa vizio viwili, na bia kali nazo zikapandishwa. Wastani wa unywaji wa taifa ukapanda kwa karibu theluthi moja, pasipo mtu kuongeza hata tone. Wanawake ndio walioguswa zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya unywaji wao ni divai. Jambo la kusifiwa ni kwamba hesabu ya zamani na ile mpya zilichapishwa bega kwa bega, ili mfululizo wa miaka usikatike. Mwaka 2008 wadadisi wakaanza kuuliza ukubwa wa glasi.

Sasa na tujitazame. Uchunguzi wa mwaka 2012 wa Tanzania juu ya magonjwa yasiyoambukiza ulifuata utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, ambamo kinywaji kimoja cha kawaida kina gramu 10 za alkoholi, si 8. Mfasiri akiandika "kipimo" pote pawili, amefuta tofauti ya robo nzima. Isitoshe, "kipimo" ni neno lililochoka: ni chombo, ni tendo, ni majibu ya hospitali. Wako wanaopendekeza "yuniti", lakini neno hilo kwetu limekwisha kuchukuliwa na umeme. Sisi twaona "kizio", lililozoeleka katika fizikia, lafaa zaidi, mradi gramu zake zitajwe kila mara.

Gumu zaidi ni "pombe". Kwa wengi pombe ni ile inayopikwa nyumbani, na ya chupa ni bia. Mtu aweza kujibu kwa moyo safi kwamba hanywi pombe, ilhali jana alikunywa bia tatu. "Mvinyo" nalo, ambalo kwa wengine ni divai, kwa wengine ni pombe kali. Hivyo dodoso halina budi kutaja majina: bia, divai, mbege, rubisi, ulanzi, wanzuki, tembo, gongo. Hata baada ya majina, chombo kinabaki. Ulanzi wa asubuhi ni mtamu, ukikaa unakuwa mkali. Mbege hunywewa kwa kata inayopita mkono kwa mkono. Mdadisi aendaye Kilimanjaro na picha ya glasi atapata jibu, lakini la glasi. Tungependa picha ya kata itangulie, na chini yake maswali mawili: ilijaa kiasi gani, na mlikuwa wangapi?