Dhamiri, Hofu na Mtoto wa Jirani: Historia Fupi ya Msamaha wa Chanjo Shuleni



Wapendwa Taifa la Mungu, kila mara inapotangazwa kwamba wahudumu wa afya watafika shuleni kuchanja, swali lilelile hurudi katika jumuiya zetu ndogo ndogo hapa Njiro: Je, mzazi Mkatoliki anaweza kuomba mwanawe asamehewe chanjo kwa sababu ya imani? Wengine huuliza kwa moyo wa uchaji, wengine kwa woga, wengine kwa sababu ya ujumbe waliotumiwa katika simu. Kabla ya kujibu, inafaa tutazame historia, maana swali hili halikuzaliwa jana.

Mwaka 1853 Bunge la Uingereza lilitunga sheria iliyowalazimu wazazi kuwachanja watoto wachanga dhidi ya ndui. Aliyekataa alitozwa faini. Huko Marekani, mwaka 1855, jimbo la Massachusetts liliunganisha chanjo na shule: mtoto asiyechanjwa hakupaswa kuingia darasani. Sheria hizi ziliokoa maisha, lakini pia ziliamsha upinzani. Mji wa Leicester ulishuhudia maandamano makubwa mwaka 1885, na hatimaye, mwaka 1898, Uingereza ilikubali kwamba mzazi anayesadiki kwa dhati kuwa chanjo ingemdhuru mwanawe aweze kupewa hati ya msamaha. Hapo ndipo dhamiri ilipopata nafasi katika sheria za chanjo.

Tangu hapo pamekuwa na milango miwili ya msamaha. Mlango wa kwanza ni wa tabibu: mtoto ambaye mwili wake hauwezi kupokea chanjo fulani. Chanjo za surua na rubela, kwa mfano, hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtoto anayetibiwa saratani ya damu, au ambaye kinga yake ya mwili imeporomoka, hapewi chanjo hizo. Mlango wa pili ni wa dhamiri na dini. Katika mabishano yetu tunaizungumzia kana kwamba ni milango ya nyumba mbili tofauti. Lakini ni milango ya nyumba moja, na anayepita mlango wa pili humgusa yule aliyelazimika kupita mlango wa kwanza.

Sababu yake ni hii. Surua huambukiza upesi kuliko magonjwa mengi tunayoyafahamu. Ili isienee, wataalamu husema yapasa watu wapatao 95 katika kila 100 wawe na kinga. Mtoto asiyeweza kuchanjwa hana ngao yake mwenyewe. Ngao yake ni wenzake wa darasani. Wenzake wakipungua waliokingwa, ngao yake hutoboka. Kwa hiyo mwaka 2019, baada ya mlipuko mkubwa wa surua, jimbo la New York liliufunga mlango wa dini kwa wanafunzi na kuuacha wazi mlango wa tabibu peke yake.

Tukirudi Afrika Mashariki, tunaona kila nchi ikishika njia yake. Uganda ilichagua nguvu ya sheria. Huko mashariki mwa nchi hiyo palikuwa na kundi la kidini, lililojulikana kwa namba 666, ambalo wafuasi wake walikataa chanjo na hata kuandikishwa na serikali. Sheria ya Chanjo ya mwaka 2017 ikaamuru kwamba mtoto aonyeshe kadi ya chanjo ndipo apokewe shuleni, na mzazi anayekaidi aweze kufungwa hadi miezi sita.

Nchini Kenya jambo liligusa Kanisa letu wenyewe. Mwaka 2014 serikali, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, iliendesha kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake wa umri wa miaka 14 hadi 49. Maaskofu Katoliki wa Kenya na chama cha madaktari Wakatoliki walieleza shaka kwamba chanjo hiyo ilichanganywa na homoni ya kuzuia uzazi. Mashirika hayo mawili yalikanusha, yakisema kwamba vipimo vilivyotumika vilikuwa vya kupima sampuli za binadamu, si dawa ya chanjo. Mwaka 2015 maaskofu waliwataka waamini wasishiriki kampeni ya polio mpaka chanjo hiyo ipimwe. Lakini mwaka 2021, baadhi ya madaktari wa chama kilekile walipoipinga chanjo ya UVIKO-19, maaskofu hawakufuatana nao. Walitamka wazi kwamba ni halali kimaadili kuipokea.

Tusiwadhihaki wachungaji hao kwa kuuliza maswali. Ni haki ya mzazi, na ni haki ya Kanisa, kuuliza kilichomo ndani ya chupa. Ila historia hii yatufundisha kutofautisha mambo mawili. Kusema chanjo hii ni dhambi ni hukumu ya maadili. Kusema chanjo hii ina sumu ni dai la kisayansi, na dai la kisayansi hujibiwa kwa vipimo sahihi, si kwa mamlaka ya altare.

Nchi yetu ya Tanzania ina mfano wake. Katika Mkoa wa Mwanza, mwaka 2010 na 2011, palifanyika utafiti wa kutoa chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi katika shule za msingi 134. Wazazi walipewa taarifa na nafasi ya kukataa. Miongoni mwa wasichana waliokosa chanjo, wengine walikatazwa na wazazi, na wengine hawakuwapo shuleni siku hiyo. Hofu ya utasa ilikuwa ikinong'onwa. Chanjo hiyo ikajaribiwa kwa majirani zetu wa Mkoa wa Kilimanjaro kuanzia mwaka 2014, na Aprili 2018 ikazinduliwa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 umri ulipanuliwa kuwa miaka 9 hadi 14, kwa dozi moja. Chanjo ya UVIKO-19, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Julai 2021, nayo ilitolewa kwa hiari.

Sasa, Mama Kanisa anafundisha nini? Swali zito zaidi kwa Mkatoliki ni la chanjo ya rubela. Oktoba 2014 Tanzania iliendesha kampeni kubwa ya surua na rubela kwa watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15. Virusi vya chanjo ya rubela hukuzwa katika seli ambazo asili yake ni mimba zilizotolewa katika miaka ya 1960. Seli hizo zimekuwa zikiongezeka katika maabara tangu wakati huo, wala hazidai mimba nyingine itolewe; hata hivyo asili yake ni jeraha, na dhamiri ya Mkristo haina budi kulihisi.

Taasisi ya Kipapa kwa ajili ya Maisha ilijibu mwaka 2005. Ilisema kwamba pasipo na chanjo mbadala, mzazi anaweza kuitumia ili kuwakinga watoto na jamii, hasa wanawake wajawazito; papo hapo tunao wajibu wa kuidai sayansi itafute njia isiyo na doa. Tafakarini jambo hili: rubela ikimpata mama katika miezi ya kwanza ya ujauzito inaweza kumuua mtoto tumboni, au akazaliwa kiziwi, kipofu au mwenye moyo mgonjwa. Anayeikataa chanjo hiyo kwa kumtetea mtoto ambaye hajazaliwa anaweza, pasipo kujua, kumweka hatarini mtoto mwingine ambaye hajazaliwa.

Kisha, tarehe 21 Desemba 2020, lililoitwa wakati huo Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa, kwa kibali cha hayati Papa Fransisko, lilitoa waraka juu ya chanjo za UVIKO-19. Lilifundisha kwamba, kwa kawaida, chanjo si wajibu wa kimaadili, na hivyo yapasa iwe ya hiari. Wengi husoma hapo na kufunga kitabu. Lakini waraka unaendelea: anayekataa kwa sababu ya dhamiri analazimika kufanya kila awezalo, kwa njia nyingine za kujikinga na kwa mwenendo unaofaa, asiwe chombo cha kuwaambukiza wengine, hasa wale ambao hawawezi kuchanjwa kwa sababu za kitabibu. Tazameni: milango ile miwili yakutana hapa. Kanisa linampa mtu wa dhamiri uhuru wake, na papo hapo linamkabidhi mtoto wa jirani.

Hilo ndilo pimio la dhamiri ya kweli. Dhamiri hukubali kulipa gharama kwa ajili ya wengine; hofu hutaka gharama ilipwe na wengine. Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca nchini Somalia, alikuwa ameikwepa chanjo ya ndui kwa kuogopa maumivu. Oktoba 1977 akawa mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya asili. Alipona, na miaka mingi baadaye alizunguka nchini mwake akiwasimulia wazazi habari zake, ili wawachanje watoto wao dhidi ya polio. Hofu si dhambi. Ila hofu isivae joho la dini.

Basi, wazazi wapendwa, daktari akisema mwanao asipewe chanjo fulani, usione haya. Lete cheti chake shuleni, nasi sote tuliosalia tuwe ngao yake. Ikiwa ni dhamiri inayokusumbua, njoo tusome pamoja nyaraka za Kanisa, kisha umwone tabibu uulize yaliyo ya tabibu. Na ikiwa bado huwezi kukubali, uhuru wako uambatane na wajibu: mtoto akipata homa na vipele, abaki nyumbani, apelekwe zahanati, wala asiletwe darasani au kanisani mpaka apone. Mwishoni mwa mwaka 2022 surua iliua watoto katika Halmashauri ya Mpimbwe, mkoani Katavi. Ugonjwa huo haukutoweka pamoja na babu zetu.

Kaini aliuliza kama yeye ni mlinzi wa ndugu yake. Kila kadi ya kliniki iliyomo kabatini mwetu ni sehemu ya jibu letu.

Nawatakieni Dominika njema na juma lenye baraka. Mungu azilinde familia zenu.