Mabano Katikati ya Rågsved

Mwaka 1978 kiwanda cha Luxor katika mji wa Motala, Sweden, kilitoa kompyuta ndogo iliyoitwa ABC 80. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 16, na kazi za mtumiaji zilihifadhiwa kwenye kaseti za kawaida, zile zile za muziki. Msimbo wa herufi wa wakati ule, uliotokana na ule wa Marekani, ulikuwa na nafasi 128 tu, na hakuna hata moja iliyotengewa å, ä wala ö. Waswidi waliamua kuyatoa kafara mabano. Namba 125, ambayo kwa Mmarekani ni bano la kufungia lililopinda kiunoni, kwao ikawa å.

Kwa hiyo jina la Rågsved, likiandikwa kwenye ABC 80 na kusomwa kwenye mashine isiyoyajua mapatano hayo, hutokea hivi: R}gsved. Rågsved ni kitongoji cha kusini mwa Stockholm, kilichojengwa miaka ya 1950 na kufikiwa na treni ya chini ya ardhi Novemba 1959. Ndiko vijana walikoanzisha bendi ya Ebba Grön mwaka 1977, kelele ambayo haikuhitaji kompyuta. Mswidi wa enzi zile aliyazoea mabano hayo akayasoma bila kusita, kama msomaji wa tenzi za hati ya Kiarabu alivyoizoea herufi moja, ba, kusimama mahali pa b, pa p na hata pa mb. Lakini mazoea hufa na wenye mazoea. IBM PC iliipa å namba 134, Macintosh ikaipa 140, na baadaye msimbo wa Ulaya Magharibi ukaipa 229. Faili lenyewe halisemi ni mapatano yapi yaliyotumika.

Maandishi ni kitu kimoja; taarifa zinazoyazunguka, kwamba yaliandikwa lini, kwa mashine gani, kwa msimbo upi, ni kitu kingine, na mara nyingi hazimo ndani ya maandishi. Wataalamu huziita metadata. Wanakili wa Lamu walizijua bila jina hilo. Muhamadi Kijuma, aliyenakili tenzi kwa ajili ya Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, alifanya kazi ndani ya desturi ambayo mnakili hutia mwishoni jina lake na tarehe ya Hijria. Karatasi ikisafiri hadi London, tarehe husafiri nayo, kwa kuwa imo katika wino ule ule. Faili la kompyuta halina bahati hiyo. Tarehe yake hukaa kwenye orodha ya diski, nje ya faili, na faili likihamishwa ovyo orodha hubaki nyuma.

Mifumo mingine haikuwa na tarehe kabisa, kama CP/M 2.2. MS-DOS iliiandika, lakini kalenda yake ilianza tarehe 1 Januari 1980, na IBM PC ya mwaka 1981 haikuwa na saa yenye betri. Kila ilipowashwa ilimuuliza mtumiaji tarehe, na mwenye haraka alibonyeza Enter akaendelea. Barua inayozungumzia mambo ya mwaka 1986 yaweza basi kudai kuwa iliandikwa siku ya kwanza ya 1980. Mtafiti asiiamini tarehe hiyo, wala asiifute: inamweleza aina ya mashine na tabia ya mwenyewe.

Safari ilikuwa hatari zaidi. Itifaki ya XMODEM, aliyoibuni Ward Christensen mwaka 1977, ilipeleka vipande vya baiti 128 bila jina la faili wala tarehe, na kipande cha mwisho kikajazwa hadi kutimia. Aliyepokea alipata faili lenye tarehe ya kupokewa na mkia usio wake. YMODEM ya Chuck Forsberg, mwaka 1985, ilitanguliza kipande chenye jina, ukubwa na wakati. Mwaka huo huo watumiaji wa Macintosh walipata MacBinary, kwa kuwa faili la Macintosh lilikuwa na pande mbili, na kulinakili kwenye diski ya DOS kulikuwa kulipasua. Somo lilikuwa moja: lifunge faili pamoja na taarifa zake katika bahasha moja kabla halijaondoka, au nakili diski nzima, sekta kwa sekta.

Hata bahasha hutofautiana. ZIP, iliyotoka mwaka 1989, ilihifadhi saa ya mahali bila kusema ni mahali gani. Tar ya Unix huhesabu sekunde tangu 1970 kwa saa ya dunia. Faili lililokamilishwa Rågsved saa tano na nusu usiku wa Januari, likifunguliwa Dar es Salaam, litaonyesha saa ile ile kutoka ZIP, na kutoka tar litaonyesha saa saba na nusu, siku ya pili yake. Anayejua kwamba usiku wa Ijumaa kwa Mswahili ni Alhamisi jioni kwa Mzungu hatashangaa.

Kwa Kiswahili jambo hili si la watunza makumbusho tu. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na vikwazo vilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Huko Helsinki, Arvi Hurskainen alikuwa ameanza katikati ya miaka ya 1980 kuunda programu ya kuchambua Kiswahili. Katika kipindi hicho, sehemu ya Kiswahili cha kompyuta iliandikwa ughaibuni, na diski zake huenda zimo katika makabati ya nyumba za watu. Ikiwa neno geni linaonekana katika faili la 1985 au la 1995, historia ya neno hilo hubadilika.

Anayelikuta R}gsved kwenye kaseti anashawishika kulisahihisha papo hapo. Afadhali alinakili kama lilivyo, asahihishe katika nakala ya pili, na aandike kando kwamba 125 ilikuwa å. Kisha aipige picha lebo ya kaseti, kwani mara nyingi tarehe ya kweli ni ile iliyoandikwa kwa kalamu.